Maji ya rejeta yanapungua, chini hakuna tone

Kaka, kama Corolla yako ya 1998 inakula maji bila kudondosha chini, usikubali kufunguliwa silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) kwanza. Asubuhi injini ikiwa baridi, mulika tochi chini ya wota pampu, ile pampu inayozungusha maji ya kupoza injini. Pana kitundu kidogo pale. Sili, kizuia maji cha ndani ya pampu, ikichoka maji hupenya hapo, yanakaukia kwenye chuma cha moto na kuacha ukoko wenye rangi ya kulanti (maji ya rangi ya kupozea injini). Ukiuona, badili pampu.

Pakiwa pakavu, gusa zulia la mbele upande wa abiria. Likiwa limelowa na kioo kinashika ukungu wenye harufu tamu, ni hita, kipasha joto cha ndani ya gari, inayovuja. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, shuku gasketi iliyo chini ya silinda hedi, na usiwashe injini tena. Tafadhali, kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa moto.