Maziwa yanakaa tumboni muda gani?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana wiki tatu, namnyonyesha mwenyewe, sasa kila baada ya saa moja na nusu hivi analia anataka tena. Mama mkwe anasema maziwa yangu mepesi, hayamshibishi, nianze ya kopo. Halafu nimesikia kuna kipimo cha kuangalia tumbo la mtoto linamaliza maziwa kwa muda gani, nimpeleke akapimwe? – Mama Kichanga

JIBU: Marahaba mama kichanga, na hongera. Kipimo kipo kweli ila sio cha kwako. Kinachotumika sana ni ultrasaundi, wanaangalia kile kipande cha chini cha tumbo kabla hajanyonya, wanaangalia tena akishashiba, halafu wanarudia kila baada ya dakika kadhaa mpaka kimesinyaa nusu ya kilivyojaa (ukitaka kujua kazi, mtoto mwenyewe hatulii na hewa aliyomeza inaziba picha). Njia nyingine ni kutia kwenye maziwa mionzi kidogo sana ya teknesiamu na kuifuatilia kwa kamera, au kutia kaboni 13, hii haina mionzi, wanaipima kwenye pumzi anayotoa.

Sasa majibu yake ndo yanakuhusu. Mwaka 1994 watoto njiti walipimwa kwa ultrasaundi Uingereza, maziwa ya mama yalifika nusu kwa wastani wa dakika 36, ya kopo dakika 72. Nusu jamani, sio tumbo tupu, na mwanzoni yanatoka haraka kisha yanapunguza mwendo. Ya kopo yanachelewa kwa sababu mengi yana kaseini nyingi, yaani protini ya maziwa inayoganda mabonge tumboni, kwahiyo mama mkwe ameona kitu cha kweli, mtoto wa kopo anakaa muda mrefu bila kulia, ila kukawia tumboni sio lishe zaidi, ni kukawia tu.

Ndo maana hata kabla ya kupewa dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji, mwongozo wa Marekani unataka saa 4 tangu anyonye maziwa ya mama lakini saa 6 kwa ya kopo.

Wewe angalia nepi na mzani. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, na uzito wa kuzaliwa umesharudi na unapanda, anashiba, mnyonyeshe tu hata kama ni kila saa moja na nusu.

Kitu kimoja usikipuuze: akianza kutapika kwa kuruka mbali kila baada ya kunyonya na bado ana njaa, hasa wiki hizi za tatu mpaka ya sita, mpeleke siku hiyohiyo, maana msuli wa mlango wa kutokea tumboni unaweza kuwa umenenepa ukaziba njia. Hapo ultrasaundi atapigwa kweli, ila watapima unene wa huo msuli. Matapishi ya kijani ndo usisubiri hata kidogo, kimbia hospitali.