Pikipiki na hewa ya chumvi: maswali na majibu

Barua za safari hii karibu zote zinalilia kutu na maji. Si ajabu. Ratiba ya matunzo iliyo kwenye kitabu cha pikipiki haikupangwa kwa mtu anayelaza chombo chake jirani na bahari. Kilomita zilizoandikwa humo zihesabu kuwa ni mwisho kabisa. Huku Mombasa kazi hiyo hufanywa mapema.

Cheni yangu haijamaliza miezi minne na tayari ina kutu na inalia. Naiosha kila jioni na kuipaka oili. Kosa liko wapi? (Dereva wa boda, Bamburi)

Kwanza tukuulize: unaiosha kwa maji gani? Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na baadhi ya vibanda vya kuoshea magari hutumia maji hayo hayo. Ukiosha hivyo unatoa vumbi, unaacha chumvi, kisha unaifungia ndani kwa oili. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, hivyo chuma kinaendelea kuliwa hata pikipiki ikiwa imeegeshwa kivulini. Suuza ya mwisho iwe ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya mvua au ya mfereji. Ndoo moja inatosha kwa cheni, rimu, spoki na tumbo la eksozi.

La pili ni oili yenyewe. Wengi hupaka ile iliyomwagwa kutoka injini kwa kuwa ni ya bure. Imejaa masizi na chembe za chuma, tena ni nyepesi, kwa hiyo sehemu kubwa inarushwa kwenye rimu kabla hujafika stejini. Inayobaki hunasa mchanga na kusaga pini.

Mara moja kwa wiki, au kila kilomita 500, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, injini imezimwa, gia fri. Tia mafuta ya taa kwenye mswaki mkuukuu na usugue cheni pande zote huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Petroli usiiguse kwa kazi hii: inashika moto upesi na inaharibu mipira ya cheni zilizo nayo. Wala usisafishe cheni injini ikizunguka, vidole vingi vimekatika hivyo. Pangusa mpaka kitambaa kitoke safi, acha ikauke, kisha dondosha oili ya giaboksi namba 90 upande wa ndani, ule unaogusa meno ya sproketi. Ngoja robo saa, pangusa iliyozidi.

Ulegevu upime katikati ya cheni ya chini. Kwa nyingi za aina ya Boxer na TVS HLX, isogee juu na chini milimita 20 hadi 30. Zungusha gurudumu, pima tena mahali pengine, na ufuate pale ilipokaza zaidi. Kukaza kupita kiasi ni kubaya kuliko kulegea kidogo, kwa sababu abiria akikaa cheni huzidi kuvutika na kula bearing ya sproketi ya mbele. Mwisho, vuta cheni kwa nyuma pale inapoizunguka sproketi kubwa. Ukiona zaidi ya nusu ya jino, imekwisha. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, maana cheni mpya juu ya meno ya zamani haidumu. Klipu ya kiungo ifungwe upande wake usio na mwanya ukitangulia kule cheni inakokwenda.

Fundi ananiambia nitie oili ya gari, ati ni bora kwa vile ni ghali. (Changamwe)

Hapana. Pikipiki karibu zote zinazofanya kazi mjini zina klachi inayozunguka ndani ya oili ya injini. Oili nyingi za magari ya kisasa zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari linywe petroli kidogo, na dawa hiyo inaweza kufanya sahani za klachi ziteleze. Utajua ukipanda Daraja la Nyali na abiria: unavuta resi, injini inalia, mwendo hauongezeki. Soma nyuma ya chupa: iwe na maandishi JASO MA au MA2, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya aina hiyo, unene 20W-50 kama kitabu chako kinavyotaka. Kiasi ni karibu lita moja, lakini neno la mwisho ni alama mbili za kijiti au kioo cha kupimia, pikipiki ikiwa wima. Anayebeba abiria mchana kutwa na kungoja feri Likoni injini ikinguruma asipitishe kilomita 2,000 bila kubadilisha oili.

Mvua ilinikuta, nikapita kwenye maji ya magotini, injini ikazima. Nilipiga kiki mpaka nikachoka. (Mwembe Tayari)

Hiyo kiki ndiyo inayotutia hofu. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni ikipanda hugonga ukuta, na koni rodi hupinda. Wakati mwingine injini huwaka baadaye rodi ikiwa imepinda, kisha ikavunjika wiki ya pili, na mtu akamlaumu fundi.

Sukuma hadi pakavu. Zima swichi, funga koki ya petroli. Fungua plagi, weka fri, vuta resi yote, na piga kiki taratibu mara kumi hivi mpaka tundu liache kutema maji. Fungua boksi la hewa: kichungi cha karatasi kilicholoa kibadilishwe, cha sponji kikamuliwe na kukauka kabisa. Kabureta ina skrubu chini ya bakuli lake. Ilegeze, ukinge petroli kwa chupa, kwa sababu maji hukaa chini ya petroli na hutoka kwanza. Kisha angalia oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe. Mwaga, tia mpya, washa dakika chache bila mzigo, mwaga tena, tia nyingine. Ni gharama, lakini injini ni gharama zaidi.

Breki za drumu zikiloa hazishiki. Ukitoka majini, endesha polepole huku ukiziminya kidogo kidogo mpaka zikauke na kushika. Siku nyingine, maji yakipita kitovu cha gurudumu, shuka, zima, usukume. Na kama yalikuwa maji ya bahari, suuza kwa maji baridi siku hiyo hiyo.

Nina duka Kongowea, nataka kumnunulia kijana wangu pikipiki iliyotumika. Nitazame nini? (Mama wa duka)

Mama, pesa isitoke kabla ya karatasi. Fanya upekuzi wa namba ya usajili kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Jina lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, na angalia kama kuna mkopeshaji aliyeandikwa kuwa mmiliki mwenza. Pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo, na mkopo usiokwisha unaweza kukuletea watu mlangoni. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya usukani, ya injini kwenye ganda lake. Zote zisome kwa macho yako, na ukiona mkwaruzo au alama ya kulehemu hapo, ondoka. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho mtandaoni, wewe unaukubali, na sheria inatoa siku 14. Akisema "tutabadilisha baadaye", naye pesa aingoje baadaye.

Kwa chombo chenyewe, nenda na bisibisi. Gonga chini ya tangi, mahali stendi inaposhikilia na pale mkono wa gurudumu la nyuma unapoungana na chesisi. Kutu ya juujuu si neno. Chuma kinachobonyea ni neno. Bomba za shokabu za mbele zikiwa na vishimo vya kutu, sili mpya zitakatwa upesi. Mkute muuzaji injini ikiwa ya baridi. Iliyopashwa moto kabla hujafika pengine inaficha ugumu wa kuwaka.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima tangu siku ya kwanza. Kijana akiendesha mwenyewe leseni yake ni daraja A2. Akibeba abiria kwa malipo, A3. Na abiria ni mmoja. Mishikaki, yaani kupakia zaidi ya mmoja, ni kosa la kisheria.

Malori ya bandarini yananitisha kila siku. (Jomvu)

Na yakutishe. Usipoona uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Hatari kubwa ni upande wa kushoto penye makutano: trela likikata kushoto, kichwa hupanuka kwanza kulia, kisha magurudumu ya nyuma hupita ndani kabisa, pale hasa ulipojipenyeza. Baki nyuma. Breki ya mbele ndiyo hufanya kazi kubwa zaidi, lakini kwenye mchanga au oili iliyomwagika nyoosha pikipiki kwanza, ndipo uminye. Vivyo hivyo kwenye chuma kilicholoa cha kuingilia feri: mwendo wa mtu anayetembea, usukani umenyooka, breki usizikamate ghafla.

Helmeti ikianguka mara moja tu inafaa tena? (Tudor)

Ikiteleza kutoka kwenye kiti ikiwa tupu, kwa kawaida ndiyo, baada ya kuikagua kwa makini. Ikipigwa ikiwa na kichwa ndani, hapana, hata kama ganda halina ufa, kwa sababu povu la ndani hujibonyeza mara moja na halirudi. Na kamba ifungwe. Helmeti isiyofungwa hufika chini kabla yako.