Maswali ya Wasomaji: Kusomea Nyumbani kwa Bando Dogo

Barua za mwezi huu zimetoka Ilula, Mafinga, Makete, Tukuyu, Njombe na Uyole, na zote zinauliza kuhusu kozi za mtandaoni. Tumezifupisha na kuacha majina.

Shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani. Nina simu janja ya kawaida na shilingi elfu tatu kwa wiki za bando. Nataka kujifunza kompyuta, ila kila nikifungua video bando linaisha kabla ya somo. Nifanyeje? (Binti, Ilula)

Marahaba, binti. Bando lako linaliwa na ubora wa picha, ule unaoandikwa 144p, 360p au 720p kwenye mipangilio ya video. Video ya saa moja ikichezwa kwa 720p hula takribani GB 1 hadi 1.5. Kwa 360p hushuka hadi MB 300 hivi, na kwa 144p hubaki kama MB 100 au pungufu. Chukua kozi ya wiki nne yenye saa mbili za video kila wiki, yaani saa nane. Kwa ubora wa juu utahitaji GB 8 hadi 12, kwa 360p GB 2.4 zinatosha. Ukiiachia simu ijichagulie, inafuata kasi ya mtandao bila kujali mfuko wako, ndiyo maana ukisimama penye 4G nzuri bando linayeyuka haraka zaidi kuliko pale mtandao unaposuasua.

Usikimbilie 144p kwa kila kitu, lakini. Mwalimu anapoongea tu inatosha, ila maandishi ya ubaoni hayasomeki. Weka 360p kwa somo lenye picha na maandishi makubwa, na 480p pale tu anapoonyesha Excel (programu ya majedwali na hesabu) au kuandika maelekezo ya programu za kompyuta, kwa sababu nukta moja ukiikosa zoezi zima halifanyi kazi.

Kabla ya kununua bando lingine, ziba matundu. Kwenye Play Store zuia programu zisijisasishe kwa data ya simu. Kwenye WhatsApp zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Kisha washa kibana data cha simu na uiruhusu programu ya kozi peke yake. Watu wengi wanailaumu kozi kumbe video za harusi kwenye magrupu ndizo zinazokula nusu ya bando.

Halafu pakua, usicheze moja kwa moja. Somo gumu utalirudia mara tatu, na ukilicheza mtandaoni kila marudio yanaweza kulipiwa upya. Programu ya Coursera, tovuti ya kozi za vyuo mbalimbali, inaruhusu kupakua video ukazitazama bila mtandao. Panga hivi: angalia nafasi kwenye simu kwanza (ikibaki chini ya GB 1 upakuaji unaweza kukatika katikati na MB zimeshakwenda), nunua kifurushi cha siku badala ya kugawanya hela kidogo kidogo, amka alfajiri wakati mtandao hauna watu, pakua masomo ya wiki nzima kwa mkupuo. Maswali ya majaribio yanahitaji mtandao, ila yanakula MB chache mno.

Njia nafuu kuliko zote ni kusoma maandishi. OpenLearn, tovuti ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, inakuruhusu kupakua kozi kama PDF, faili ambalo kwa kawaida ni dogo kuliko dakika chache za video, na ukimaliza unapewa hati ya ushiriki bila malipo. Anza hapo.

Kuhusu kompyuta yenyewe: simu itakupa nadharia, haitakupa mikono. Kozi kama CS50, utangulizi wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Harvard, ni bure, na ukipata angalau asilimia 70 kwenye kazi zake zote pamoja na mradi wa mwisho, hata cheti cha Harvard wanakupa bure (cha kulipia ni kile cha tovuti ya edX kwa kozi hiyohiyo). Lakini kazi zake hazifanyiki kwa kidole kwenye kioo cha inchi sita, na kwa mtu asiyewahi kushika kipanya ni mlima. Tumia simu kusoma, kisha nenda steshenari au Maktaba ya Mkoa pale Iringa ukiwa umeandika kwenye daftari kitu gani hasa unakwenda kufanya. Nusu saa yenye orodha ina faida kuliko saa mbili za kutafutatafuta.

Wahariri, mimi ni karani wa ghala la mbao. Nimeona kozi za uhasibu za vyuo vya Marekani, bure. Nikimaliza nitatambulika kama mhasibu? Mwajiri atakiangalia cheti? (Karani, Mafinga)

Kutambulika, hapana. Cheti cha kozi fupi ya mtandaoni kinaonyesha umepata mafunzo fulani, hakina ngazi ya elimu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutambua shahada za nje; astashahada na stashahada ziko chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Cheti cha wiki sita hakipeleki popote kati ya hizo mbili. Na uhasibu una bodi yake, NBAA (Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu), yenye mitihani yake, ikiwemo ngazi ya fundi mhasibu kwa walio chini. Hakuna kozi ya mtandaoni inayokuvusha mtihani huo bila kuufanya, ingawa inaweza kukuandaa vizuri.

Ukitaka shahada au stashahada ukiwa kazini, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa aina yako na kina vituo vya mkoa Iringa na Mbeya. Ada ipo, lakini karatasi yake ina uzito unaoutafuta.

Sasa mwajiri. Anayeajiri karani Mafinga hatasoma jina la chuo cha Marekani kwa muda mrefu, ila ukimfungulia kompyuta ukamwonyesha kazi atakaa. Jifunze Excel bure, kisha tengeneza daftari la ghala unalolifahamu: tarehe, saizi, idadi iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na safu inayokokotoa mita za ujazo yenyewe. Mbao ya mbili kwa sita ya futi 12, yaani mita 0.05 kwa 0.15 kwa 3.6, ina mita za ujazo 0.027, kwa hiyo mbao 37 ni kama mita moja ya ujazo. Fomula hiyo moja ikifanya kazi kwa saizi zote za ghala, umejifunza Excel zaidi ya aliyetazama video arobaini. Weka vipimo vyote kwa mita kabla ya kuzidisha. Wanaoanza huchanganya inchi na futi kwenye safu moja, na kosa hilo huwa halionekani mpaka siku ya kuhesabu stoku.

Kwenye CV kiandike cheti chini ya mafunzo, usikiweke chini ya elimu.

Nafundisha sekondari huku Makete, mtandao ni wa kupanda kilimani. Nina laptopu moja na ruta ya zamani. Kuna namna wanafunzi wakapata masomo haya bila intaneti? (Mwalimu)

Ipo, mwalimu, na ni bure. Programu inaitwa Kolibri, imetengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya mahali kama hapo. Unaiweka kwenye laptopu, unapakua masomo mara moja ukiwa mjini, kisha laptopu inakuwa kama tovuti ndogo ya shule. Wanafunzi wanaunganisha simu au tableti kwenye Wi-Fi ya ruta, wanafungua kivinjari, wanaandika anwani ya laptopu (namba za IP), kisha nukta pacha na 8080 mwishoni. Ruta haihitaji intaneti hata kidogo, inahitaji umeme tu.

Ukiwa Njombe au Mbeya usipakue mkusanyiko mzima wa Khan Academy (masomo ya video ya bure yaliyomo ndani ya Kolibri), ni makumi ya GB. Fungua mada na uchague zile za muhula huu tu: aljebra ya kidato cha pili, umeme wa fizikia, basi. Mwenzako mwenye nakala tayari anaweza kukupa kwa flashi, ambayo ndiyo njia bora.

Kwa kawaida mambo matatu huharibu siku ya kwanza. Windows huizuia Kolibri isionekane na vifaa vingine hadi uiruhusu kwenye ulinzi wake wa mtandao. Laptopu ikilala, darasa lote linakatika, kwa hiyo zima usingizi kwenye mipangilio ya umeme. La tatu ndilo linalowachanganya watu zaidi: simu ikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti hujirudisha kwenye data kimyakimya, na mwanafunzi anakwambia "haifunguki". Waambie wazime data kabisa na wakubali kubaki kwenye Wi-Fi hiyo. Ruta ya nyumbani ikibebeshwa video za darasa zima kwa wakati mmoja itakwama. Wagawe makundi ya watano watano kwa simu moja.

Kwa vitabu vya kiada, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inavyo bure. Hiyo inahitaji mtandao, isomee ukishuka mjini.

Nilijiunga na kozi ya "siku saba bure" kwa kadi ya mwanangu. Siku ya nane wakakata karibu laki na kitu. Hela hii inarudi? Na nitasomaje bila kadi? (Mama, Tukuyu)

Pole, mama. Andika leo kwa tovuti hiyo ukiomba kurejeshewa. Baadhi hurejesha kama hujatumia huduma na hujachelewa. Kabla ya kuandika, futa kwanza usajili wenyewe, maana kuiondoa programu kwenye simu hakufuti kitu na mwezi ujao watakata tena.

Siku za majaribio zina mtego mmoja: zikiisha, malipo ya mwezi huanza yenyewe. Mfululizo wa kozi kwenye Coursera mara nyingi ni dola 49 kwa mwezi. Anayetaka majaribio ajiwekee kengele kwenye simu siku ya tano, afute. Badala ya kadi ya benki yenye mshahara, tumia kadi ya mtandaoni inayopatikana kwenye menyu ya baadhi ya huduma za pesa za simu, uweke kiasi cha malipo hayo tu. Ikiwa tupu, hakuna cha kukatwa.

Bora zaidi, omba kupunguziwa. Kwenye ukurasa wa kozi nyingi za Coursera pana kiungo kidogo kilichoandikwa "Financial aid". Unajaza elimu yako, kipato chako na kwa nini unaihitaji kozi. Majibu huchukua wiki mbili hivi, na kila kozi huombewa peke yake. Andika ukweli kwa maneno yako, taja kazi unayofanya na kozi itakusaidiaje. Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, kwa sababu ndilo litakalochapwa kwenye cheti.

Na atakayekwambia utume hela kwenye namba yake ya simu ili akupatie cheti cha chuo cha nje, ni tapeli. Usijadiliane naye.

Nalima parachichi, Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Kuna kozi za kilimo kwa Kiswahili? (Mkulima, Njombe)

Chache. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wana kozi za bure kwenye chuo chao cha mtandaoni, ila nyingi zimeandaliwa kwa maafisa na watunga sera, na ni za Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Tafsiri ya simu inasaidia kupata maana ya jumla, usiiamini kwenye majina ya magonjwa na vipimo vya dawa. Kwa kupogoa, kubebesha na kuchuma, afisa ugani wa kata na watafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kituo cha Uyole watakufaa kuliko kozi yoyote tunayoifahamu. Mtandao utumie kwa hesabu za shamba na kujifunza Kiingereza chenyewe: weka maandishi chini ya video, punguza kasi hadi 0.75, soma maandishi kwanza ndipo usikilize.

Nilituma kazi saa tano usiku siku ya mwisho, wakasema nimechelewa. Vipi? (Kijana, Uyole)

Angalia muda uliandikwa kwa saa za wapi. 23:59 UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu) kwetu ni saa 8:59 usiku wa kuamkia kesho yake, ungekuwa bado salama. Yaelekea mwisho ulikuwa saa sita mchana (12:00) kwa saa zao, au mipangilio ya akaunti yako ina eneo la saa lisilo sahihi: fungua wasifu wako uweke Nairobi au Dar es Salaam. Kozi nyingi zisizo na darasa la pamoja huruhusu kupanga upya tarehe bila adhabu. Tafuta kitufe hicho kabla ya kukata tamaa, na siku nyingine tuma kabla ya saa kumi na mbili jioni, umeme ungalipo.