Dubu huyu au dubu hii?

Msomaji anauliza hivi: binti yake ana tedi bea, sikio likachanika, mtoto akawa analia "dubu wangu ameumia", mjomba wake akamsahihisha palepale eti kitu cha pamba hakina uhai, sema "dubu yangu imeumia". Nani yuko sahihi?

Mtoto. Mjomba asubiri kidogo, nitamrudia.

Maana kuna jambo limenikaa kooni miaka nenda miaka rudi na leo ndo nimepata upenyo. Fungua filamu za wanyama zenye maandishi ya Kiswahili chini, hukawii kukutana na "Dubu hii inawinda sili kwenye barafu." Inawinda! Jamani. Huyo ni dubu mweupe, dume lake linaweza kupita kilo 400, ananusa sili, yule mnyama wa baharini, akiwa chini ya barafu, anajibanza kwenye tundu la kupumulia, kimyaaa, anaweza kusubiri hapo masaa, sili akitoa pua tu kwisha habari yake. Halafu wewe mtafsiri umekaa kwenye kiti unampa "hii", upatanisho uleule wa meza na friji! Nikisoma "dubu hii imesimama" nawaza imesimama kama saa ya ukutani, imeisha betri. Nikisoma "dubu iliwakimbiza" najiuliza ilikuwa na magurudumu mangapi. Wengine ndo wanamalizia kabisa na "dubu ya polar", wakati "dubu mweupe" ipo, fupi, na kila mtu anaelewa.

Kanuni yenyewe haina hata maneno mengi. Mnyama anachukua a- na wa-, jina lake lianze na herufi yoyote: kiboko amezama, nyoka amejificha, dubu ameamka.

Sasa mjomba. Anayo hoja moja nzuri, na kwa kuwa hajaitoa namsaidia: ndege. Ndege huyu anataga, ndege hii ina rubani. Kifaru vilevile, wa porini amelala, cha jeshini kimeharibika. Kwa hiyo mbona dubu wa pamba asiwe "hii"? Kwa sababu hakuna abiria anayepanda ndege akidhani yuko mgongoni mwa kunguru, pale ni jina tu limeazimwa. Tedi ni kinyume chake, kashonewa macho, pua na masikio makusudi ili achukuliwe kuwa dubu, analazwa, anafunikwa, anapewa jina, anasingiziwa njaa ili mtu mwingine apate biskuti. Lugha inamfuata. Mwanasesere naye hapumui na bado tunasema mwanasesere huyu. Ukiitaka sana "hii" yako sema "sanamu ya dubu imechanika", hapo sina neno.

Asili? Ni Kiarabu, dubb, basi. Kusini mwa Sahara hakuna dubu wa porini, ndo maana wengi wetu tumeanza kumjua akiwa wa manyoya. Na hilo jina la tedi linatokana na Theodore Roosevelt, rais wa Marekani, ambaye mwaka 1902 kule Mississippi aligoma kumpiga risasi dubu aliyefungwa kwenye mti, Clifford Berryman akachora katuni gazetini, watu wakaanza kushona midoli. Kile ambacho hakisimuliwi sana ni kwamba yule dubu mwenyewe alikuwa kaumia vibaya na Roosevelt huyohuyo akaamuru auawe, wakammaliza kwa kisu. Wa pamba akabaki na mapenzi yote, wa kweli hata upatanisho wake tunampokonya.

Kuna watakaosema basi angalau "dubu yangu ameumia", mbona tunasema rafiki yangu, shangazi yangu? Haya. Hiyo ni desturi ya ndugu na marafiki, na kama mtoto kashamweka tedi wake kwenye kundi hilo mimi ni nani nimtoe, mdomoni nitaiacha ipite kama sijasikia, kwenye maandishi andika "wangu" tuishi kwa amani. Ila rafiki yako akifika mlangoni husemi "rafiki yangu imekuja", sasa sioni kwa nini dubu ndo ije.