Fildi: SACCOS ya kijijini au kampuni kubwa ya mjini?

SWALI: Mshauri, shikamoo. Nasoma mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu na fedha hapa Moshi. Nimepata nafasi mbili za mafunzo kwa vitendo, moja katika SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) ya wakulima huko Kibosho na nyingine katika kampuni kubwa jijini Arusha. Mjomba anasisitiza niende Arusha kwa kuwa jina la kampuni litaupa uzito wasifu wangu, lakini dada mmoja aliyefanya fildi pale mwaka jana anasema alishinda akitoa fotokopi na kupanga mafaili. Sina ndugu mwenye cheo wa kunishika mkono nikimaliza chuo. Nichague ipi, na nijiandae vipi? – Binti wa Soweto, Moshi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nenda Kibosho.

Jina la kampuni husaidia pale tu unapoulizwa kwenye usaili, "Ulifanya nini pale?" na ukawa na la kueleza. Katika SACCOS yenye wafanyakazi wachache, mwanafunzi mwenye bidii huiona kazi ya uhasibu tangu mwanzo hadi mwisho: mwanachama anaweka akiba, stakabadhi inakatwa, kiasi kinaingia kwenye leja, daftari la benki linalinganishwa na taarifa ya benki, na mwisho wa mwezi hesabu zinafungwa. Utaona pia marejesho ya mikopo yanavyocheleweshwa na namna yanavyofuatiliwa, jambo ambalo darasani hufundishwa kwa mifano tu. Wala usidhani kazi hiyo ni ya ovyo kwa kuwa iko kijijini, kwani chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 SACCOS huendeshwa kwa leseni na hupaswa kutoa taarifa kwa msimamizi wake, Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Tena uko Kilimanjaro, mkoa ambao KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilianzishwa mwaka 1933. Ushirika hapa ni ajira halisi.

Mjomba wako mweleze kwa adabu, maana anakutakia mema. Ili atulie, iandikie kampuni ya Arusha uulize utapangiwa kitengo gani na nani atakusimamia. Wakijibu kwa maandishi kwamba utakaa kitengo cha hesabu na kushika vocha kwa mikono yako, ushauri wangu unabadilika, ingawa bado utapaswa kupiga hesabu ya chumba na nauli.

Hofu yako ya kukosa wa kukushika mkono naielewa, na sitakudanganya kwamba kujuana hakupo. Lakini msimamizi aliyekuona ukiwahi kazini, ukiuliza na ukisahihisha makosa yako bila kinyongo ndiye mdhamini utakayemwandika kwenye wasifu, na neno lake kwa mwajiri lina uzito kuliko la ndugu ambaye hajawahi kukuona kazini. Kwa sababu hiyo, jaza daftari la mafunzo kila siku, uandike kazi uliyoifanya hasa, kwa mfano kulinganisha taarifa ya benki ya mwezi fulani na tofauti mliyoikuta, bila kutaja majina ya wanachama. Liwe linasainiwa na msimamizi kila wiki. Wanaosubiri siku ya mwisho huambulia saini bila maoni.

Usisahau pia mitihani ya kitaaluma ya uhasibu: ile ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) hufanyika Mei na Novemba. Ulizia sasa masharti ya kusajiliwa, uanze kuweka akiba ya ada.

Jambo la mwisho huwakwamisha wengi, nao hulitambua wakiwa wameshachelewa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki badala ya vyeti vyenyewe, kwa hiyo kama vyeti vyako bado viko shuleni, vifuate likizo hii. Kisha viweke mezani pamoja na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, uyasome majina herufi kwa herufi. Yakitofautiana, muone wakili akuandalie hati ya kiapo ya majina na kukueleza inavyosajiliwa, ukiwa bado una mwaka mzima mbele yako.