Gari Lisilo na Rejeta: Kabla Hujalipa, Kagua Haya

Nimewahi kumiliki Volkswagen Beetle kwa miaka mingi, na hadi leo nikisikia ule mlio wa injini ya nyuma lazima nigeuze shingo. Wanaotaka kununua moja huniuliza rangi na mwaka. Mimi nawaambia wafungue kifuniko cha injini watazame mkanda wa feni.

Gari hili halina rejeta wala maji; injini hupozwa na upepo wa feni. Feni imefungwa kwenye shafti ya dainamo inayochaji betri, na mkanda mmoja tu ndio unaozungusha vyote viwili. Kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, usifikirie betri. Egesha, zima injini, kagua mkanda. Ukijiambia "ngoja nifike pale mbele", umeua injini. Mkanda wa spea haukutoka garini mwangu. Kuubadilisha hakuhitaji fundi: unaizuia puli ya dainamo kwa bisibisi, unafungua nati, puli inagawanyika vipande viwili. Katikati yake kuna washa, yaani pete nyembamba za chuma. Ukipunguza moja mkanda unakaza, ukiongeza unalegea. Zinazobaki zivalishe upande wa nje wa puli, usitupe.

Oili nayo inapoza injini, na ni kama lita 2.5 tu, ikipita kwenye chujio la waya. Mimi nilikuwa namwaga kila kilomita 5,000 na kupima nafasi ya vali injini ikiwa baridi kabisa. Nilizipenda sana asubuhi hizo, mikono myeusi hadi viwikoni.

Mipira ya petroli badilisha yote siku unayolichukua gari, hata kama muuzaji anaapa ni mipya. Inapita karibu na injini ya moto, inapasuka, na Beetle nyingi zimeteketea hivyo.

Kichekesho ni maji ya kuoshea kioo cha mbele: katika matoleo mengi yanasukumwa na upepo wa tairi la spea! Ukisahau kuongeza upepo, utaendesha na matope yako.

Spea zisikutishe. Beetle ziliundwa zaidi ya milioni 21, za mwisho huko Meksiko mwaka 2003. Bati lililooza ndilo la kuogopa. Inua kiti cha nyuma, betri iko hapo chini, uchokonoe sakafu kwa bisibisi. Ikitoboka, dai bei ishuke au rudi nyumbani na pesa zako.