Ndugu yuko jela ya kaunti: maswali yenu kuhusu kumtembelea

Barua za mwezi huu karibu zote zinafanana: ndugu amekamatwa, yuko jela ya kaunti hapa Marekani, na jamaa hawajui pa kuanzia. Nimeona nizijibu pamoja. Kwanza tuelewane kwamba jela ya kaunti si gereza la jimbo. Wengi walio ndani yake bado hawajahukumiwa, wanasubiri kesi au dhamana, na waliobaki mara nyingi wanatumikia kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Jela hizi zinakaribia 3,000 nchi nzima na kila moja ina utaratibu wake. Aliyoambiwa jirani yako mwaka jana kwenye kaunti nyingine hayakusaidii.

Mwanangu alikamatwa Ijumaa. Natafuta jina lake kwenye tovuti ya jela, halipo. Wamempeleka wapi? (Mama, Lexington, Kentucky)

Pole sana, mama. Mara nyingi mtu yupo, ila jina lake limeandikwa vingine. Kwa waliopitia kambi za wakimbizi, jina la ukoo na la kwanza hubadilishana nafasi, na majina matatu hugandishwa yakawa moja. Geuza mpangilio, kisha jaribu herufi tatu au nne za mwanzo tu. Ukiulizwa tarehe ya kuzaliwa, weka iliyo kwenye karatasi zake. Wakimbizi wengi wameandikwa 1 Januari, na kompyuta ya jela inaifuata hiyo, haiijui ile unayoikumbuka wewe uliyemzaa.

Kama bado humpati, fikiria alikamatiwa wapi. Aliyesimamishwa barabarani katika kaunti ya jirani hufungwa huko huko. Na kuandikishwa kunaweza kuchukua saa nyingi, hasa mwisho wa wiki. Katika majimbo mengi jela iko chini ya sherifu, lakini Kentucky ina kawaida yake ya kuchagua kwa kura mkuu wa jela wa kaunti, kwa hiyo usishangae ofisi ya sherifu ikikuambia uulize kwingine. Upo pia mtandao wa VINE, ulioanzia huko huko kwenu, Louisville, mwaka 1994. Uliundwa kwa ajili ya waathirika wa uhalifu, ila unaweza kuutumia kumtafuta mtu bila malipo na kujiandikisha upigiwe simu akihamishwa au akiachiwa.

Ukimpata, andika namba aliyoandikishwa nayo na uitunze. Utaulizwa hiyo kila mahali: ukipanga kumtembelea, ukimwekea pesa, ukimwandikia barua.

Niliendesha mwendo wa saa tatu na wazazi wangu. Tulipofika tukaambiwa nafasi zake za wiki zimekwisha. Inawezekanaje? (Kaka, Texas)

Inawezekana, na kwa familia zetu kubwa hutokea sana. Kiwango cha chini kilichowekwa na tume ya Texas inayosimamia jela za kaunti ni kutembelewa mara mbili kwa wiki, dakika 20 kila mara. Hesabu hiyo ni ya mfungwa, si ya mgeni. Shangazi akienda Jumanne na rafiki wa kanisani akienda Alhamisi, mama mzazi anayesafiri Jumamosi hana nafasi. California kiwango kwa jela nyingi ni mara mbili zisizopungua jumla ya saa moja kwa wiki. Kaunti inaweza kuongeza, na baadhi huongeza, lakini usipange safari kwa kutegemea hilo.

Ushauri wangu ni mchague mtu mmoja katika familia, mtulivu na anayesoma Kiingereza vizuri, awe ndiye anayepanga zamu. Asiende mtu bila kupitia kwake. Huyo ndiye ajue ndugu yenu yuko sehemu gani ya jela, maana siku hugawanywa kwa jengo, kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo au kwa jinsia. Ajue pia kama mfungwa mwenyewe ameandika majina ya wageni wake. Jela nyingi hazimpokei mtu asiyekuwa kwenye orodha hiyo, hata awe mama yake. Siku chache za mwanzo, kabla hawajaamua wamweke wapi, huenda zisiwe na wageni kabisa.

Nafasi huchukuliwa mapema, kwa kawaida siku moja au zaidi kabla, kwa simu au kwenye tovuti. Asubuhi ya safari pigeni simu tena kabla ya kuwasha gari. Jela ikifungwa kwa sababu ya vurugu au ugonjwa, au ndugu yenu akihamishwa jengo usiku, miadi hufutwa na hakuna atakayewatafuta kuwaambia. Fikeni nusu saa kabla, kwa sababu anayechelewa kwa dakika chache hurudishwa nyumbani kama ambaye hakupanga kabisa.

Wanasema nitamwona kaka yangu kwenye skrini tu, na nikitaka kumwona nikiwa nyumbani nilipie. Je, ni halali? (Dada, Tennessee)

Kwa bahati mbaya, sehemu nyingi ni halali. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka jela ya kaunti ya Los Angeles, iliamua kwamba Katiba haimpi mtu anayesubiri kesi haki ya kugusana na wageni wake. Kioo cha kumtenga mfungwa na mgeni kikaendelea. Baadaye zikaja kampuni za simu na video, na utafiti wa shirika la Prison Policy Initiative wa mwaka 2015 ulikuta kwamba asilimia 74 ya jela zilizoweka video ziliondoa kabisa kuonana ana kwa ana.

Mimi napinga jambo hili kwa moyo wangu wote. Mtu ambaye hajahukumiwa kwa lolote anaonekana na mtoto wake kama picha inayokatikakatika, na familia maskini ndiyo inayolipa bili. Lakini wananchi waliposema, walisikilizwa. Makamishna wa kaunti ya Dallas mwaka 2012 walikataa mkataba wa namna hiyo baada ya watu kupiga kelele, na mwaka 2015 Texas ikapitisha sheria ya kulinda kuonana ana kwa ana, ingawa iliziacha kaunti ambazo tayari zilikuwa zimejenga kwa ajili ya video peke yake. Bibi Martha Wright wa Washington, D.C., aliyeshindwa kumudu simu za mjukuu wake alipigania bei hizo hadi alipofariki. Sheria yenye jina lake ilisainiwa Januari 2023, na inaipa tume ya mawasiliano ya taifa mamlaka juu ya bei za simu na za video pia. Anayewachagua makamishna wa kaunti ni mpiga kura, na wengi wetu sasa ni raia.

Kwa leo, uliza swali moja: je, kuna skrini ndani ya jengo la jela? Ile mara nyingi ni bure. Inayolipiwa ni ya kutoka nyumbani.

Tukiongea Kiswahili kwenye simu, wanatuelewa? (Kijana, Boise)

Ndiyo, hata kama si leo. Simu na video za jela hurekodiwa, ndiyo maana kila simu huanza na ilani. Rekodi hiyo inakaa. Siku mwendesha mashtaka akiitaka, anaipeleka kwa mkalimani, awe wa Kiswahili, Kibembe, Kinyarwanda au Kisomali. Wakalimani wapo, na wengine ni majirani zetu. Mazungumzo ya kwenye kioo, yale ya simu ya ukutani, nayo yachukulie kuwa yanasikilizwa.

Kwa hiyo, kesi isitajwe, si kwa mafumbo wala kwa methali. Kijana anayelia na kusema "mama nisamehe" anaomba radhi kwa aibu aliyoileta, lakini mahakamani inaweza kusomwa kama kukiri. Anayesema "waambie wale vijana wanyamaze" anaweza kudaiwa kutisha mashahidi, na wewe uliyepeleka ujumbe ukaingizwa humo. Ongeeni habari za nyumbani, nani amejifungua, nani amefaulu, ameila dawa yake au hajaila. Akianza kueleza ilivyokuwa, mkatize. Kumkatiza hapo ni kumpenda.

Mazungumzo yake na wakili ni ya siri, lakini wakili aje mwenyewe au apigiwe kwa namba iliyoandikishwa jela kuwa ni ya wakili. Usimuunganishe wakili kupitia simu yako. Simu ya watu watatu hukatwa au hurekodiwa, na inaweza kumfanya anyimwe simu kabisa.

Mume wangu alikamatwa tulipogombana. Nimemsamehe, nilikwenda kumwona wakanikatalia. (Mama watoto, Ohio)

Dada yangu, inaelekea hakimu ametoa amri ya kutowasiliana. Amri hiyo inamfunga mumeo, na msamaha wako hauiondoi. Akikupigia simu, akikutumia salamu kupitia mtoto, au wewe ukiingia kwa jina la mdogo wako, ni yeye atakayeongezewa shitaka na pengine kunyimwa dhamana. Nawaomba na wazee na wachungaji wanisikie hapa. Najua desturi yetu ni kukaa na pande zote mbili na kusuluhisha, na nia yenu ni njema. Lakini ujumbe mnaoubeba kutoka jela kwenda kwa mke ni mawasiliano yaliyokatazwa, hata kama ni wa kuomba radhi.

Anayeweza kubadilisha amri ni hakimu peke yake. Piga simu ofisi ya mwendesha mashtaka, uliza mhudumu wa waathirika, omba mkalimani, umwambie unachotaka kisikike mahakamani. Na kama ndani ya moyo hujui unataka nini, huna deni kwa mtu yeyote. Amri iliwekwa kwa ajili ya usalama wako. Namba ya taifa ya msaada kwa wanaodhulumiwa nyumbani, 1-800-799-7233, hupokelewa saa 24 na wana wakalimani.

Nivae nini, na watoto wanaruhusiwa? (Bibi, Iowa)

Bibi, vaa gauni lililoshonwa, refu, lenye mikono, lisilopitisha mwanga. Khanga na kitenge cha kujifunga acha ndani ya gari, kwa sababu nguo ya kufungua huleta maswali mlangoni. Epuka rangi ya sare za wafungwa, ambayo sehemu nyingi ni ya machungwa, na sidiria yenye waya inayopigisha kelele mashine. Hijabu kwa kawaida huruhusiwa, lakini wanaweza kuikagua. Una haki ya kuomba askari mwanamke na mahali pa faragha.

Mtoto huingia na mzazi au mlezi wa kisheria, na huenda wakataka cheti cha kuzaliwa. Kama mjukuu hana, uliza mapema ni karatasi gani nyingine wanakubali na kama barua ya mzazi iliyothibitishwa na mthibitishaji wa umma inatosha. Kitambulisho chako kiwe na picha na kisiwe kimeisha muda: leseni, pasipoti, au kadi ya ukaazi.

Naweza kumpelekea chakula au Msahafu? (Houston)

Chakula hapana. Weka pesa kwenye akaunti yake anunue dukani mle ndani. Msahafu au Biblia ipitie kwa kasisi wa jela, au inunuliwe ikiwa mpya, yenye jalada laini, na itumwe moja kwa moja na muuzaji.

Sina karatasi. Nikamwone mdogo wangu? (Jina nimelihifadhi)

Ningekuwa wewe, nisingekwenda. Mapokezi ya jela ni meza ya polisi. Wanachukua kitambulisho na kulipitisha jina kwenye kompyuta, na mtu mwenye hati ya kukamatwa, hata ya faini ya barabarani aliyoisahau, anaweza kubaki huko. Kaunti nyingine zina mkataba na idara ya uhamiaji, ICE, unaojulikana kama 287(g). Mtume jamaa ambaye ni raia, wewe andika barua.

Na kuhusu mdogo wako: kabla ya kulipa dhamana, wakili aulize kama ICE wameomba azuiliwe. Ombi hilo huitaka jela imshikilie hadi saa 48 baada ya muda wake wa kuachiwa ili waje kumchukua. Familia zimelipa maelfu ya dola mlangoni, kisha zikamwona akipandishwa gari jingine. Akichukuliwa, mtafute kwenye tovuti ya ICE kwa namba yake inayoanza na A pamoja na nchi aliyozaliwa. Pata wakili wa uhamiaji mapema. Wa jinai peke yake hatoshi.

Umeuliza pia habari za ubalozi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya ubalozi wake kujulishwa, na afisa wake anaweza kumtembelea. Kwa Mtanzania, Marekani hulazimika kujulisha. Kwa Mkenya au Mkongo huwa ni hiari yake, na mkimbizi anayeiogopa serikali aliyoikimbia anaweza kukataa.

Baba anakataa kutoka. Tumekwenda, wanatuambia hataki kuonana nasi. (Watoto wake, Maine)

Mfungwa anaruhusiwa kukataa mgeni, na jela haiwezi kumlazimisha. Nadhani mnaijua sababu. Mzee aliyezoea kuamkiwa na kila mtu hataki watoto wake wamwone na pingu. Msiende kundi zima. Mtumeni mtu mmoja wa rika lake, ndugu yake au rafiki wa zamani, ambaye hatalazimika kumwonea aibu. Mwandikieni barua fupi kila wiki, yenye jina lake kamili na namba yake juu. Jela nyingi siku hizi hupiga barua picha na kumwonyesha kwenye kompyuta ndogo, kwa hiyo msitume picha ya familia ambayo hamna nakala yake. Mwombeni kasisi ampitie.

Lakini mkisikia kwamba hataki kula, hapati usingizi, hazungumzi na mtu, hapo msimwachie muda. Kujiua kumekuwa sababu inayoongoza ya vifo katika jela za kaunti. Pigeni simu jela saa hiyo hiyo, ombeni msimamizi wa zamu na kitengo cha matibabu, semeni wazi kwamba mnahofia atajidhuru, na andikeni jina la aliyepokea simu. Kisha mpigieni wakili wake aiandikie jela. Siku ya kumtembelea msiingoje.